Nyumba Isiyo na Ardhi

Nina miaka arobaini na minne, na ngazi niliyobeba
ni ya kijana aliyezaliwa mwaka nilioajiriwa benki.
Dilmurad, Mbaluchi wa Sib, vidole vifupi,
kucha zimekatwa hadi nyamani. Husema mara moja tu.
"Pima. Kisha kipime ulichopimia. Ndipo uguse."

Benki ya Ruwi walileta mashine mlangoni,
ikahesabu noti bila kulowesha kidole,
nasi wa madirishani tukapewa keki na barua.
Mke wangu Shinuna aliisoma barua mara mbili,
akaikunja, akaiweka chini ya birika la kahawa.
"Haya," akasema. Haya tu.

Mama akapiga simu kutoka Barka:
"Nasikia umevua tai, umevaa koleo."
"Nimekuwa mwanagenzi, mama."
Akanyamaza. Neno hilo hakulisikia tangu Unguja,
na huko lilikuwa la watoto,
wa kushikilia kandili fundi akishona viatu usiku.
"Basi shikilia vizuri," akasema. "Usimkatie fundi mwanga."

Mwezi wa kwanza nilivuta waya ndani ya mabomba,
ukutani, sakafuni, juu ya dari za jasi;
vumbi likanizeesha kabla ya mvi.
Mwezi wa pili nilikosea. Sikupima.
Umeme haupigi hodi. Uliingia kwa kidole cha shahada
ukatokea sijui wapi, nikajikuta nimekaa chini
na jina la Mungu mdomoni, nusu yake.
Dilmurad hakunigombeza. Alinipa maji,
akanipokonya koleo. Siku tatu nilifagia vipande vya waya.

Mchana wa Julai, saa ambazo sheria inakataza kazi juani,
tulilala juu ya maboksi ya viyoyozi, yeye akikoroma,
mimi nikikariri rangi kama mtoto wa chuoni:
nyekundu, manjano, buluu, hizo zina uhai;
nyeusi ndiyo njia ya kurudi;
kijani chenye mstari wa manjano, huo haubebi kitu
siku zote za maisha yake, ila siku moja.

Jana magharibi tuliitwa Maabela.
Friji inauma, alisema mtoto wa nyumba hiyo kwenye simu.
Aliyetufungulia mlango ni bwana Ghasib,
meneja wangu wa miaka tisa.
Akatazama ovaroli, hakutazama uso.
"Jikoni ni huku."

Nilifungua soketi. Nyuma yake waya wa kijani
umekunjwa, umefungwa tepu, umesukumwa ndani
kama mkono wa mgeni aliyenyimwa salamu.
Ya pili vilevile. Ya saba vilevile.
"Bwana," nikasema, "nyumba yako haina ardhi."
Akacheka mpaka kofia ikamkaa upande.
"Haina ardhi! Hati ninayo kabatini, ina mihuri!"
Huenda mmojawapo niliupiga mimi.

Dilmurad akanionyesha swichi kuu kwa kidevu.
Nikaizima. Viyoyozi vikanyamaza kwanza,
kisha nyumba nzima ikashusha pumzi gizani.
"Tafadhali subiri kidogo," nikasema,
kama nilivyosema dirishani miaka ishirini na minne.

Kimya.
"Sleyum?"
"Naam, bwana."

Hakuuliza lolote. Nilimsikia akipapasa mfuko wa kanzu,
simu ikawaka, mwanga wake ukanitua machoni.
"Shusha," nikasema. "Kushoto kidogo. Hapo. Usitikisike."
Akapiga goti juu ya vigae, meneja wangu,
akashikilia vizuri.

Nilikaza skrubu thelathini na nne.
Dilmurad akazipitia kwa bisibisi yake, moja moja,
hakusema neno mpaka ya ishirini na sita.
"Hii inacheza," akasema. "Rudia."

Nikarudia.